Nimeacha Kulala Chini ya Dashibodi

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Arusha. Nimevuka miaka 60, na magari ninayoyatengeneza zaidi ni Land Rover 109 za zamani, zile Series III zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Kwa watu wa Longido na Loliondo, pikapu hizi ndizo usafiri wa siku ya mnada. Zinabeba abiria, mbuzi na magunia ya mahindi, na usiku zinabeba mgonjwa kumwahisha zahanati. Taa zikizimika njiani, huyo mgonjwa anasubiri mapambazuko. Ndiyo maana kazi hii naipenda, na ndiyo maana nataka kusimulia jinsi nilivyobadili namna ya kuifanya. Najua mafundi wazuri walioiacha mapema wakiamini ufundi wao umekwisha, kumbe kilichochoka ni mgongo tu.

Anayeijua 109 anajua shida yake. Nyaya karibu zote za mbele zinapita nyuma ya dashibodi, na pa kupenya ni padogo. Nilifundishwa kulala chali, kiuno juu ya sanduku la viti, kichwa kikining'inia jirani na pedali, tochi mdomoni. Ukingo wa sanduku lile unakata mgongo, na ukibandua tepu ya zamani vumbi linakumwagikia machoni. Nilipokuwa kijana niliweza kukaa hivyo asubuhi nzima, nikatoka na kwenda kula kama kawaida.

Nilipoikaribia miaka 60 mwili ulianza kukataa. Nikiinuka, kizunguzungu kinanishika mpaka niegemee mlango. Usiku shingo inakaza. Vidole vinaufikia waya, macho hayauoni. Mke wangu akaniambia, "Mzee wangu, hayo magari waachie vijana sasa." Nilimwelewa. Lakini kijana anayejifunza kwangu ana mikono myepesi tu. Hitilafu nilizokutana nazo mimi bado hajakutana nazo. Nikiondoka leo, naondoka nazo.

Mabadiliko yalianzia kwenye miwani. Nilikuwa na ile ya sehemu mbili, juu ya kuonea mbali na chini ya kusomea. Chini ya dashibodi unatazama juu, kwa hiyo macho yanapita sehemu ya mbali na waya unakuwa ukungu. Ili kuuona inabidi uinue kidevu zaidi, na hapo ndipo shingo inapoteseka. Mtaalamu wa macho aliponiuliza kazi yangu, nilinyoosha mkono nikamwonyesha umbali wa waya kutoka usoni, kama sentimita 50. Akanipimia miwani ya kazi ambayo lenzi nzima ni ya umbali huo. Shingo ilipata nafuu kabla sijagusa jambo lingine lolote. Mazoea yana taabu, lakini tangu hapo nilianza kuhoji kila kitu nilichokuwa nakifanya kwa mazoea.

Nikahoji kulala. Sakafu ya 109 iko juu sana kutoka ardhini, na mlango wake unatoka ukifungua boliti za bawaba. Sasa nautoa mlango kwanza, naweka kigoda nje, nakaa. Uso wangu unakuwa sawa na uvungu wa dashibodi, miguu iko ardhini na mgongo umenyooka. Nikihitaji kuingia ndani, natoa matakia ya viti, ambayo hayahitaji hata spana, natandika ubao na godoro jembamba kufunika ule ukingo.

Nikahoji kuifuata kazi gizani, wakati inaweza kuletwa kwenye mwanga. Kwenye Series III, paneli ya geji inashikwa na skrubu chache. Nachomoa kwanza waya wa betri, ule unaoungana na bodi. Kwenye Series III ni wa hasi, lakini Land Rover nyingi za kabla ya 1967 zilifungwa ethi ya chanya, kwa hiyo hakikisha kabla ya kushika. Kisha nafungua kebo ya spidomita kwa nyuma na kuivuta paneli kuja kwangu. Kila waya ninaouchomoa naufunga kipande cha tepu chenye namba, na simu inapiga picha kabla na baada. Kumbukumbu yangu bado ni nzuri. Namba na picha zinaiacha ifikirie chanzo cha tatizo.

Tochi ya mdomoni nayo nimeiacha. Navaa taa ya kichwani yenye mwanga mweupe, kwa sababu kazi yetu inategemea rangi. Kahawia ni moto wa moja kwa moja kutoka betri, nyeupe inapata moto ukiwasha swichi, kijani ni huo wa swichi uliokwisha kupita kwenye fyuzi, zambarau ni wa moja kwa moja uliopita kwenye fyuzi, na nyeusi ni ethi. Chini ya balbu ya njano, kahawia na zambarau zenye vumbi zinafanana kabisa, na jicho la uzee halizitenganishi.

Jambo lililonipunguzia mateso kuliko yote ni kupima kabla ya kuingia. Juzi kijana aliniita: "Mzee, geji ya mafuta na ya joto zote zimelala."

"Zote mbili kwa pamoja?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi achana na tangi. Anzia kwenye stabilaiza."

Stabilaiza ni kile kisanduku kidogo nyuma ya geji kinachozipa umeme wa wastani wa volti 10. Kinalisha geji zote mbili. Zikikosea pamoja, anza nacho na ethi yake. Ikikosea moja, fuata waya wake na sensa yake. Swali moja kama hilo linaokoa saa nzima ya kupekua.

Siku hizi gari halitoki kwangu kabla sijalirahisishia fundi ajaye. Narefusha nyaya za geji kiasi cha kuifikisha paneli mapajani, nafunga soketi zinazochomoka kwa mkono, na fyuzi nazihamishia mahali pa wazi, kila moja na jina lake. Hapa nawasihi wenzangu jambo moja. Fyuzi ya kioo ya Lucas iliyoandikwa 35 inakatika kwenye ampea 35, lakini mzigo inaoweza kuubeba muda wote ni nusu ya hapo. Fyuzi za kisasa zinaandikwa mzigo wa kudumu. Ukiweka ya kisasa ya 35 mahali pa ile, waya unaweza kuungua fyuzi ikiwa nzima.

Kijana wangu hajawahi kuning'inia kichwa chini. Alianza na kigoda, naye anamaliza kazi vizuri kuliko nilivyoimaliza mimi katika umri wake. Kwa hiyo haya siyo mambo ya wazee peke yao. Fundi wa miaka 20 anayekaa vizuri leo atakuwa bado kazini akiwa na 60, tena akiwa na uzoefu wa miaka 40 wa kumpa mwingine.

Ndugu fundi unayefikiria kuacha, kapime macho na umweleze mtaalamu umbali wa kazi yako. Tengeneza kigoda. Nunua taa nyeupe. Gari la kwanza litakalokuja, vuta paneli nje na urefushe nyaya zake. Ukishafanya hayo ndipo uamue kama umechoka kweli.