Wimbo wa Wazee, Zumari ya Watoto

Katika mji wa The Hague, nchi ya Uholanzi, kuna nyumba ya picha iitwayo Mauritshuis. Humo imetundikwa picha kubwa, yapata sentimeta 134 kwa 163, aliyoichora Jan Steen kati ya miaka 1668 na 1670. Mimi nimeiona kitabuni tu, walakini kila niitazamapo hunipa kicheko kwanza, na baada ya kicheko, mawazo.

Jamaa ya vizazi vitatu wameketi mezani. Mwanamke anyosha bilauri yake, naye ajaziwa divai. Bibi kizee ashika karatasi ya wimbo mbele ya macho yake. Kijana apiga zumari yenye mfuko wa ngozi. Kasuku ametua juu ya kijiti chake. Kando yao mwanamume acheka, huku akimfundisha mtoto kuvuta kiko cha tumbaku.

Karatasi ya bibi ina mithali ya Kiholanzi, ambayo maana yake ni hii: waimbavyo wazee, ndivyo wapulizavyo vijana. Mchoraji amecheza na maneno, kwa kuwa katika lugha yake kiko na zumari vyaweza kuitwa kwa jina moja. Na kasuku je? Yeye hunena asikiacho, wala hachagui. Sisi nasi twasema, Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Usidhani Steen alichukia furaha. Mwaka 1654 alikodi nyumba ya kupikia pombe mjini Delft, na mwaka 1672 alifungua kilabu mjini Leiden. Hata leo Waholanzi huiita nyumba ya ovyo ovyo nyumba ya Jan Steen. Tena, lililo kubwa, yule mwanamume achekaye ana sura ya mchoraji mwenyewe. Hakuketi kando kama hakimu na kuwanyoshea wengine kidole. Alijiweka pale pale penye hatia.

Mimi mwalimu nalipenda jambo hili kuliko yote. Ngoma, kinanda na kicheko si adui wa malezi. Mtoto asiyeimbiwa ataimba nini? Lakini watoto wanitazamao kila siku hawajifunzi ubaoni tu. Huishika sauti yangu nikasirikapo, na mwendo wangu nitokapo. Neno la ubaoni hufutwa jioni. Hilo jingine huenda nao nyumbani, na baada ya miaka litawafikia watoto wao. Basi kabla hatujauliza vijana wetu wamejifunza wapi wimbo huu, na tuusikilize vema. Huenda sauti ni yetu.