Betri ya Kipanya cha Kwaya

Sisi watatu wa kamati ya usafiri ya usharika tuna jambo la kukiri, na tumeona heri tuliandike pamoja kuliko mmoja wetu kulibeba peke yake.

Mwezi wa Juni kipanya cha kwaya kilianza kugoma. Jumapili jioni tulikiegesha kikiwa kizima. Alhamisi, siku ya mazoezi, tulipowasha, stata ililia tik, tik, kisha kimya. Tukasukuma. Wiki iliyofuata ikawa vilevile. Tulisema ni baridi ya Njombe, maana betri nayo hudhoofika penye baridi. Tukachangishana, tukanunua betri mpya ya Ah 70. Kabla ya wiki kwisha, nayo ikafa.

Ndipo tukaanza kutafuta mtu. Mlinzi wetu ni mzee wa zaidi ya miaka 60. Tulikuwa tumempa ruhusa ya kukaa ndani ya gari usiku ajikinge na baridi, na ufunguo tulimwachia. Tukaambizana kwamba anasikiliza redio ya gari mpaka asubuhi. Hakuna kati yetu aliyemwona, wala hakuna aliyemuuliza. Jumamosi moja tulimwendea, tukamwambia arudishe ufunguo. Akautoa mfukoni na kusema, "Haya, wanangu." Tangu usiku huo alilinda akiwa amejifunika blanketi kwenye baraza ya kanisa. Nasi tulipita tukimwamkia "Kamwene" kana kwamba hakuna lililotokea.

Betri iliendelea kufa. Hilo peke yake lingetosha kutufumbua macho, lakini tukasema labda amechonga ufunguo mwingine. Mtu akishaamua nani ana kosa, hata ushahidi wa kumtetea huugeuza kuwa wa kumshtaki.

Mwezi wa Julai tulifiwa na mama mmoja wa kwaya. Asubuhi ya maziko gari likagoma tena. Tulipofika makaburini watu walikuwa wanamalizia kufukia. Tuliimba, lakini wengine walikuwa wameshaanza kuondoka. Siku hiyo tukamwita fundi umeme.

Kijana yule hakuuliza nani analala kwenye gari. Alisafisha chumvi iliyoota kwenye vichwa vya betri, akaichaji usiku kucha, kesho yake akaipima kwa mita: volti 12.6. Akawasha injini: volti 14.1. "Betri nzima, alteneta inachaji," alisema. "Basi kuna kitu kinakula umeme gari likiwa limezimwa."

Akazima kila kitu, akafungua waya wa hasi, akaunganisha mita katikati ya waya na betri. Tukangoja nusu saa. Mita ikasoma ampea 0.9. Alituambia gari lililolala halipaswi kuvuta hata 0.1. Tukapiga hesabu: Ah 70 kwa ampea 0.9 ni kama saa 78, siku tatu na kidogo, na stata hushindwa hata kabla ya hapo. Jumapili jioni mpaka Alhamisi!

Alichomoa fyuzi moja moja. Ya redio ilipotoka tuliikodolea macho mita, nayo haikutikisika. Fyuzi zote zikaisha, namba ikabaki palepale. Ndipo akafuata waya mmoja mwekundu uliotoka moja kwa moja kwenye betri bila kupita kwenye kisanduku cha fyuzi, ukapita chini ya zulia mpaka kiti cha nyuma. Palikuwa na amplifaya ya mkutano wa injili wa Mei. Ilikuwa ya vuguvugu. Alipochomoa waya wake, mita ikashuka karibu na sifuri.

Amplifaya ile tuliifunga sisi wenyewe, kwa haraka, na kwa furaha ya kumtumikia Mungu.

Katika Zaburi ya 139 Daudi anamwomba Mungu amchunguze yeye mwenyewe. Zaburi hiyo tumeisoma mara nyingi, lakini tulipopata shida tuliomba Mungu amchunguze mlinzi. Wala kilichotumaliza hakikuwa kitu cha aibu. Kilikuwa chombo cha huduma tulichokiacha kikiwaka bila mtu kukiangalia, na kwa kuwa kilikuwa cha huduma hatukukishuku.

Jioni ile tulimwendea mzee, tukamweleza yote na kumwomba radhi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na gari sasa linawaka?" Tukasema linawaka. Akasema, "Mungu ashukuriwe."

Tulimrudishia ufunguo. Aliupokea kwa mikono miwili, lakini mpaka leo hajakaa tena ndani ya gari. Anasema amezoea baraza. Tumempelekea jiko na mkaa, na usiku mwingine mmoja wetu huenda kuota moto pamoja naye. Ametusamehe, tunaamini. Lakini waya ule ulichomolewa kwa dakika moja. Hili la baraza bado tunalishughulikia, na tunaomba mtuombee.