Likizo Hii, Mpeleke Mtoto kwa Jongoo

Shule zikifungwa Juni, nyumba nyingi za sisi tunaofanya kazi zina ratiba moja: baba ofisini, mama ofisini, mtoto na dada mbele ya runinga mpaka jioni. Mwezi unapita, mtoto anarudi shule anajua katuni zote. Kingine je?

Mwaka huu mimi na mume wangu tuliomba ruhusa ya siku chache, tukamchukua mwanetu wa miaka 6 tukaenda Mombasa. Tulikuwa na sababu. Bibi yake, mama mzazi wa mume wangu, alifariki Februari. Tangu msiba ule mtoto hakuuliza kitu, na baba yake naye hakusema kitu. Yaani nyumba ilikuwa na ukimya usio na raha.

Tulipitia Tanga, tukavuka mpaka Horohoro, kisha kivuko cha Likoni. Kesho yake tukawa Bamburi, barabara ya kwenda Malindi, ndani ya Haller Park.

Ukiona miti ile huwezi kuamini kwamba palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mawe matupu ya chokaa yanayochomwa na jua. Mwaka 1971 René Haller alianza kujaribu miti hapo. Mingi ilikufa, mivinje ikashika. Lakini majani yake yalirundikana tu bila kuoza, ndipo akaleta jongoo. Jongoo wakala majani, kinyesi chao kikasaidia kutengeneza udongo, na juu ya udongo ule leo kuna msitu wenye twiga na viboko.

Mwanangu, ambaye nyumbani jongoo ni wa kukanyagwa, alimwacha mmoja atembee kiganjani. Akacheka kwa mtekenyo, kisha akamrudisha chini ya majani taratibu, akawaambia watoto wengine wapite pembeni.

Halafu mwongozaji akatusimulia habari za Owen. Desemba 2004, wakati wa tsunami, mtoto huyu wa kiboko alikutwa peke yake baharini karibu na Malindi, kundi lake limepotea. Wavuvi na wanakijiji walisaidia kumwokoa kwa nyavu, akaletwa hapa. Akamkimbilia Mzee, kobe mkubwa wa umri wa miaka kama 130. Mwanzoni Mzee alimkwepa, lakini baadaye wakawa wanakula, kuogelea na kulala pamoja. Muda ulipofika, Owen akahamishiwa kwa kiboko mwenzake wa kike, Cleo.

Mwanangu akauliza, "Owen alimlilia mama yake?"

Mwongozaji akatabasamu bila jibu. Mume wangu akachuchumaa.

"Nadhani alilia. Hata mimi nilimlilia bibi yako. Usiku, nyie mkiwa mmelala."

"Kwa nini hukuniamsha, baba?"

Nikawaacha kwenye benchi, nikaenda kununua maji. Niliporudi walikuwa wanamzungumzia bibi na maandazi yake.

Si lazima iwe Mombasa. Mkazi wa Dar ana msitu wa Pugu, na Unguja kuna Jozani na kima punju wake. Ukienda, zingatia haya. Kwanza, usipange mambo mengi kwa siku moja; mtoto akisimama kwenye kichuguu nusu saa, simama naye. Pili, mpe kiumbe cha kukihurumia, hata mdudu, na umwonyeshe namna ya kukishika bila kukiumiza. Tatu, akiuliza swali linalouma, mjibu ukweli kwa maneno mepesi, na wewe pia sema unavyojisikia.

Na nyie wawili, zimeni simu mkiwa njiani. Huenda mtoto si peke yake mwenye jambo ambalo halijasemwa.