Sauti ya Bibi Kabatini

Akina mama wenzetu, katika nyumba nyingi kuna kabati lenye vitu ambavyo hatuvitumii, wala hatuthubutu kuvitupa. Katika kabati letu, chini ya vitenge na vyeti vya ubatizo, kulikuwa na kasha jeusi lenye ukubwa wa kitabu kinene. Ni diski ya nje ya kompyuta tuliyoinunua mwaka 2007. Humo tuliweka picha za watoto wetu walipokuwa wadogo, pamoja na sauti ya Bibi yao akiwaombea, kabla hajafariki mwaka 2010.

Miaka ikapita bila kuigusa. Tulijiambia, "Ipo." Lakini binti yetu wa kwanza alipochumbiwa, alituomba jambo moja tu: sauti ya Bibi isikike siku ya kumuaga. Hapo ndipo tulipotambua kwamba kuwa na kitu si sawa na kuweza kukitumia. Adapta ya umeme ya diski ile haikuwepo. Tulipohama nyumba, tulimpa mnunuzi wa vyuma chakavu mfuko mzima wa nyaya.

Tukaanza kulaumiana. Baba alisema mama ndiye aliyeutoa mfuko. Mama akasema baba ndiye aliyeuita takataka. Jioni ile chakula kilipoa mezani.

Kesho yake tulichukua chaja ya kompyuta ndogo ya kijana wetu, maana kichwa chake kilielekea kuingia. Yeye akatuzuia: "Ngojeni kwanza tusome maandishi." Diski ilidai volti 12. Chaja ilitoa volti 19. Tungeichomeka, huenda tungeiunguza papo hapo.

Tukaenda kwa fundi. Alitueleza kwa upole kwamba diski kubwa za nje za zamani, zile za inchi 3.5, haziwezi kuendeshwa na umeme wa tundu la USB peke yake. Zinahitaji adapta yake, nayo ilingane kwa volti, ampea zake zisiwe pungufu ya zilizoandikwa, na alama za chanya na hasi ziwe zilezile. Diski ndogo za inchi 2.5 hupata umeme kutoka kwenye kompyuta yenyewe. Lakini tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500 tu kwa kawaida, ndiyo maana baadhi ya diski hizo zilikuja na waya wenye vichwa viwili. Vyote viwili huchomekwa.

Tulirudi nyumbani na adapta. Tukaiunganisha diski mbele ya kompyuta yetu ya mezani, kwa waya mrefu wa kuungia. Ikavuma, tukashangilia. Ghafla kompyuta ikatuuliza kama tunataka kuifomati. Kidole kilikuwa tayari kwenye kipanya kukubali, tukidhani ndiyo njia ya kuifungua. Moyo ukasita, tukampigia fundi.

"Mama, msibonyeze! Mkiifomati mnafuta vilivyomo."

Akatuelekeza tukatae, tuzime, tuachane na waya ule mrefu, kisha tutumie waya mfupi kwenye tundu la nyuma, ambalo limeungwa moja kwa moja na bodi kuu ya kompyuta. Akaonya pia kwamba diski ikianza kugonga tik-tik, tuizime mara moja na kumpelekea, tusiendelee kujaribu.

Safari hii ikafunguka. Picha kadhaa zilikuwa zimeharibika, zikiwemo za siku ya kwanza ya mtoto wetu wa pili shuleni. Hizo hatutaziona tena. Lakini sauti ilikuwepo. Bibi alitaja majina ya wajukuu mmoja mmoja. Alipofika kwa kitinda mimba akakosea, akacheka, akaanza upya. Hakuna aliyesema neno. Baba aliondoka akidai anakwenda kuangalia geti.

Usiku uleule tulinakili, sauti kwanza, picha baadaye. Nakala moja ilibaki kwenye kompyuta, nyingine tukaiweka kwenye diski mpya iliyopelekwa kwa shangazi, ili mwizi au moto usichukue vyote pamoja. Kisha tukaombana msamaha kwa maneno ya jana yake, maana kosa halikuwa la mmoja. Wote wawili tulikuwa tumeweka kumbukumbu na kusahau kuitunza.

Mama mwenzetu, kama nawe una kasha la namna hiyo, lifungulie kabati wiki hii. Tafuta adapta yake, uifunge pamoja na diski katika mfuko mmoja wenye jina. Iunganishe ungali na nafasi, siku ambayo huna haja nayo, utoe nakala. Usingoje siku ya harusi, wala ya msiba.

Sisi tulibahatika. Siku ya kumuaga binti yetu ukumbi ulinyamaza, na Bibi akamwombea mjukuu wake.