Herufi za Samaki

Aghalabu elimu humjia kijana kwa majivuno, kisha ikamfundisha haya. Mimi yalinifika hayo mbele ya mjomba wangu, na nayaandika ili yamfae mwingine.

Kwetu ni Tingi, katika nchi ya Mbinga na Ziwa Nyasa. Mjomba alikuwa mvuvi wa Mbamba Bay. Usipa na mbasa ndio waliotulisha. Lakini aliopenda kuwatazama ni mbuna, wale samaki wadogo wakaao penye mawe, wenye rangi kama kanga mpya. Siku moja alinionyesha wawili, mmoja wa buluu mwenye milia, mwingine wa manjano, akasema, "Hawa si wamoja, mpwa wangu. Kila mmoja ana wenziwe, na hawachanganyi nyumba."

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nikijifunza kulinganisha mifuatano ya urithi. Msomaji asiyeijua kazi hii na afikiri neno mvua, na mvula kama wasemavyo Wanyasa. Ukiyapanga moja chini ya jingine, herufi tatu za mwanzo hupatana. Kisha a husimama chini ya l, na a ya mwisho hukosa mwenzi. Lakini ukiacha pengo moja katika mvua, herufi nne hupatana na undugu hudhihirika. Pengo hilo si hila; ni ukumbusho kwamba njiani sauti moja ilipotea. Katika mfuatano wa herufi elfu, pengo moja lisipoachwa, yote yafuatayo huharibika.

Ndivyo zinavyopangwa herufi nne za DNA, yaani A, C, G na T. Kila patano hupewa alama. Kila hitilafu na kila pengo hutozwa faini. Mpango ushindao ni wenye jumla kubwa. Njia za kupanga mifuatano miwili mirefu ni nyingi kupita kiasi, walakini mwaka 1970 Needleman na Wunsch walionyesha jinsi ya kuipata iliyo bora kwa jedwali, ambalo hujazwa hatua kwa hatua pasipo kurudia kazi iliyokwisha fanywa. Mwaka 1981 Smith na Waterman walitoa njia ya kutafuta vipande vifananavyo ndani ya mifuatano. Programu ya Clustal ilitokea mwaka 1988 kupanga mifuatano mingi pamoja. Na BLAST, mwaka 1990, ilileta wepesi wa kupekua ghala kubwa, kwa kukubali kwamba huenda mara nyingine ikapitwa na kilicho bora.

Basi nilipanga kwa programu mifuatano ya jeni moja ya mitokondria ya samaki wa namna zile mbili. Ilipatana herufi kwa herufi. Niliporudi likizoni nilimwambia mjomba, mbele ya wavuvi wenziwe, kwamba macho yake yamemdanganya. Hakubishana. Alisema tu, "Chombo chako hakikuwatazama wakiwa majini."

Miaka ilipita ndipo nikalijua kosa langu. Mbuna walitengana juzi tu kwa hesabu ya dahari, na spishi nyingi zingali zinashiriki nakala za mitokondria zilizorithiwa kwa wazee wao. Moran na Kornfield walikwisha kuliandika jambo hilo mwaka 1993, mimi sikusoma. Mwaka 2018 ulitolewa uchunguzi wa jenomu nzima za spishi 73 za ziwa letu, ukaonyesha kuwa kati ya spishi na spishi tofauti ni, kwa wastani, herufi 1 hata 2.5 katika kila 1000. Ni chache, lakini zipo, na kipande kimoja kifupi chaweza kuzikosa zote.

Programu haikusema uongo. Iliulizwa jinsi herufi zile zinavyopatana, nayo ikajibu. Mimi ndimi niliyelichukua jibu la swali moja nikalifanya hukumu ya jingine, tena juu ya mtu aliyewatazama samaki hao maisha yake yote.

Nilishuka Mbamba Bay nikamtaka mjomba radhi mbele ya wenziwe walewale, maana aibu iliyotiwa hadharani haiondolewi faraghani. Alicheka, akanipa kasia, akaniambia niingie mtumbwini twende nikatazame.