Boksi la Mninga

Bugarama ya utoto wangu ilikuwa na vumbi la aina mbili. La kwanza lilikuwa jekundu, likitimuliwa na malori na mabasi ya wafanyakazi wa mgodi kwenye barabara ya Kahama kwenda Geita. La pili lilikuwa la kijivu, laini kuliko unga wa muhogo, nalo lilitoka kwenye makarasha ya wachimbaji wadogo yaliyosaga mawe kutwa kucha. Jekundu ulilifagia likaondoka. La kijivu halikufagilika. Liliingia ndani ya saa za mkononi, ndani ya redio, ndani ya sukari iliyofunikwa.

Naisema Bugarama ya Msalala, mkoani Shinyanga, maana Rwanda na Burundi nako kuna Bugarama na watu huchanganya. Yetu iko jirani na Bulyanhulu, mgodi wa chini ya ardhi ulioanza kuzalisha dhahabu mwaka 2001. Mgodi ulileta watu wa kila kabila, watu wakaja na mishahara, na mishahara ikazaa biashara ambazo babu zetu hawakuwahi kuzisikia. Mojawapo ilikuwa banda la gemu.

Lilikuwa la mabati juu na mabati ubavuni. Ndani kulikuwa na mabenchi, televisheni ya chogo, na chini yake, juu ya kigoda, PlayStation 2 nyeusi, ile nene. Mechi moja shilingi 200. Aliyefungwa analipa na kumpisha mwingine. Jenereta ilinguruma nyuma ya banda, na kwa kuwa hapakuwa na dirisha, saa nane mchana mtu alitoka mle shati limelowa utadhani alikuwa duarani anachimba. Mama zetu walilichukia banda lile kuliko kilabu cha pombe. Kilabuni, walisema, mtu akiishiwa hela hutoka. Kule bandani aliyeishiwa alibaki kutazama wenzake mpaka giza.

Mashine yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya sebule. Ilianza kuuzwa Japani tarehe 4 Machi 2000, na umbo lake lilibuniwa na Teiyu Goto wa kampuni ya Sony, ambaye ndiye aliyebuni pia umbo la PlayStation ya kwanza. Unaweza kuilaza au kuisimamisha, na ile nembo ndogo iliyo kwenye sinia la CD unaigeuza kwa kidole ili isomeke vizuri kwa vyovyote ulivyoiweka. Jambo dogo, lakini hadi leo nikiliona nafurahi. Mtu aliyefikiria mpaka nembo igeuke hakuwa mvivu wa kazi. Matundu ya pedi yako mbele, karibu na mchezaji. Feni iko nyuma, inavuta hewa ya moto kutoka ndani na kuitupa nje. Kwa nyumba yenye vigae na zulia, huwezi kutaka zaidi.

Ila karasha halikuwamo kwenye hesabu za sebule. Feni ikivuta hewa kwa nyuma, hewa nyingine lazima iingie mahali, na huingia kwa mbele, kwa ubavuni, kwa kila upenyo. Pale kwetu iliingia na vumbi lake la kijivu, likajipaka kwenye lenzi. CD zikaanza kukwama. Wateja wakajifunza kuifuta CD kwa kifua cha shati, kisha kuinamisha mashine upande mmoja, kisha kuipiga kofi, na kila mmoja aliapa kwamba dawa ni ile yake. Halafu kulikuwa na waya za pedi. Goli la dakika ya 90 lilikuwa hatari kuliko vumbi, kwa sababu mfungaji aliruka na pedi mkononi, na mashine ikamfuata kutoka kwenye kigoda.

Siku ilipogoma kabisa, mwenye banda alitutuma tuipeleke kwa fundi wa makarasha. Hakuwa fundi wa redio wala televisheni. Alifunga mota, akabadilisha beringi, akasuka waya za dainamo, na mikono yake haikutakata hata siku ya Idi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Wekeni hapa. Nani aliifungua mara ya mwisho?"

"Haijawahi kufunguliwa."

Alicheka, akafungua skrubu, akaigeuza juu ya gazeti. Vumbi lilimwagika likafunika picha ya mchezaji wa Simba. Alilitazama kwa muda, akapitisha kidole kwenye feni.

"Hii inavuta kwa nyuma," akasema, "kwa hiyo inakula kila kitu kilichopo mbele yake. Karasha ukilifunga hivi, beringi haimalizi wiki."

Tulidhani ataipuliza na kuturudishia. Akaenda kwa seremala jirani, akaomba mabaki ya mbao za mninga.

Boksi alilolitengeneza nalikumbuka kila kona. Mfuniko wa plastiki wa juu aliuweka pembeni, akaacha lile bati la ndani linalokinga vifaa, na mashine ikakaa ndani ya mbao ikiwa na nafasi ya kiganja kila upande. Feni ya asili akaiondoa. Badala yake akachukua feni kubwa ya kompyuta iliyokufa, akaifunga upande wa mbele, na mbele ya feni akaweka ea klina ya sponji ya pikipiki. Siri yote ilikuwa hapo: feni yake ilisukuma hewa ndani. Hewa safi ilipita kwenye sponji, ikajaa boksini, ikatokea nyuma na kwenye kila ufa wa mbao. Upenyo uliokuwa unaingiza vumbi sasa ulikuwa unalipuliza.

"Hewa iingie kwa mlango mmoja, itoke kwa nyufa zote," alituambia. "Vumbi litapita wapi?"

Nilipofika kusoma ufundi wa umeme miaka mingi baadaye, mwalimu alitufundisha kanuni hiyohiyo ya kuzidisha kanieneo ndani ya kasha ili uchafu usiingie, akaichora ubaoni kwa mishale. Mimi nilikuwa nimeshaiona ikifanya kazi, imetundikwa ukutani kwenye banda la mabati.

Maana ilitundikwa. Fundi alikataa kabisa habari ya kigoda. Boksi lilikaa juu ya vyuma viwili ukutani, mahali ambapo mtoto hafikishi mkono, na upande mmoja lilikuwa na kilango cha kuingizia CD, kingo zake zimepigiliwa mpira wa tyubu ili kifunge kwa kubana. Waya za pedi zilishuka ndani ya bomba la plastiki mpaka kwenye benchi, na matundu ya pedi yakafungwa kwa skrubu kwenye benchi lenyewe. Mfungaji wa dakika ya 90 sasa alivuta benchi, na juu ya benchi walikuwa wamekaa watu wanne. Hapakuwa tena na kitu cha kuanguka.

Pedi nazo zilipata yao. Vipira vya ndani vilivyochoka alivitia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ili vitufe vishike tena, na vile vijiti viwili vya kuongozea, vilivyokuwa vimekwanguliwa na vidole mpaka vikateleza, akavivika mpira wa baiskeli. Ilikuwa pedi mbaya kwa sura. Mkononi haikuteleza hata kwa jasho la saa nane.

Mwenye banda aliomba nyongeza moja tu, na hii sisi wateja hatukuipenda. Ilikuwa swichi nyekundu kwenye waya wa picha. Muda wako ukiisha, hakuzima mashine, kwa kuwa kuizima na kuiwasha kila mara kungeiumiza. Alizima picha. Televisheni ikawa nyeusi na mpira ukaendelea gizani, sauti ya watangazaji ikisikika, wewe ukijipekua mfukoni kutafuta shilingi 200. Watu walifungwa magoli hawajayaona. Ubishi wake ulifika mpaka kisimani.

Kazi ya kuosha ea klina ilikuwa yetu watoto. Unaitoa, unaisugua kwa sabuni ya unga, unaianika juani, ukimaliza unapewa mechi ya bure. Maji ya kwanza yalitoka ya kijivu tii. Tuligombania kazi ile kuliko tulivyowahi kugombania kazi yoyote nyumbani, na mama yangu aliposikia kwamba kuna mahali mwanawe anafua kitu kwa hiari yake alisema apelekwe akashuhudie.

Huu haukuwa mwanzo wa mashine za gemu kubadilishwa maumbo. Kabla ya banda, mtaani tulikuwa na gemu za kaseti, zile zinazochomekwa kwenye televisheni na kaseti yake imeandikwa kuwa ina gemu maelfu, ukizihesabu unakuta zilezile zinajirudia kwa majina tofauti. Asili yake ni Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani Julai 1983 chini ya mhandisi Masayuki Uemura, nyeupe na nyekundu, pedi zake mbili zimeunganishwa moja kwa moja na mwili wa mashine. Ilipopelekwa Marekani mwaka 1985, maduka huko yalikuwa yamechoshwa na biashara ya gemu iliyoporomoka miaka miwili nyuma, kwa hiyo mbunifu Lance Barr akaivika umbo la kijivu lenye mlango wa mbele, ionekane jamaa ya deki ya video. Baadaye viwanda vya Asia vikaibana mashine nzima ndani ya chipu moja iliyofunikwa kwa tone jeusi la gundi, na hapo mwili ukawa huru kuwa chochote. Kuna iliyopewa umbo la kibodi. Kuna iliyoitwa PolyStation, iliyovishwa sura ya PlayStation ya kwanza pamoja na mfuniko wa duara wa CD. Ukiufungua unakuta tundu la kaseti.

Tuliitamani ile yenye mfuniko. Rafiki yangu mmoja alikuwa nayo na aliufungua mfuniko kwa heshima kila alipobadilisha kaseti. Lakini nikizipima sasa, naona lile umbo lilibadilishwa kwa ajili ya macho ya mnunuzi pale dukani. Boksi la mninga halikumtafuta mnunuzi. Lilijibu maswali ya mahali: vumbi linatoka wapi, joto linatokea wapi, waya unavutwa na nani, hela inalipwa lini.

Miaka ya karibuni kampuni zenyewe zimerudi kwenye maumbo ya zamani. Nintendo walitoa NES ndogo ya kukaa kiganjani Novemba 2016, Sony wakafuata na PlayStation Classic Desemba 2018. Ndani ni kompyuta za kisasa, gemu zimeshawekwa humo, na ukibonyeza mfuniko wa ile ya Sony haufunguki, kwa sababu hakuna CD ya kuweka. Wamehifadhi ngozi, moyo wakabadilisha. Fundi wetu alihifadhi moyo, ngozi akaitupa. Najua wakusanyaji wa vitu vya kale watasema yeye ndiye aliyeharibu. Mkusanyaji hajawahi kukaa Bugarama mwezi wa Agosti.

Sony nao waliibadilisha PS2 wenyewe. Mwaka 2004 walitoa nyembamba, kutoka unene wa sentimita 7.8 hadi 2.8, kifaa cha umeme kikahamishiwa nje kwenye waya. Fundi alipoonyeshwa moja aliipima kwa vidole na kusema, "Hii ya mjini." Hakuwa akiidharau. Alimaanisha kwamba yake haiwezi kufuata njia hiyo, kwa kuwa yeye alihitaji nafasi ya hewa na mjini wanahitaji nafasi ya kabati.

Lenzi ilipochoka kwa uzee, mafundi wa Kahama walikuwa wameshajua kuweka programu kwenye memori kadi ili mashine isome gemu kutoka kwenye flashi. Tundu la flashi la PS2 ni la kizamani na la polepole, kwa hiyo vile vipande vya sinema vilikwamakwama, lakini mechi ilichezeka. Kilango cha CD kikazibwa kwa ubao. Januari 2013 Sony walitangaza kusitisha kuitengeneza PS2, baada ya kuuza zaidi ya milioni 155, na mwaka huohuo bado kulitoka toleo lake la FIFA 14 na la Pro Evolution Soccer 2014. Bandani kwetu tangazo hilo halikubadilisha chochote, si bei, si foleni.

Kilicholifunga banda ni mambo mawili yaliyokuja pamoja. Simu za gemu zilishuka bei. Kisha mwaka 2017 usafirishaji wa makinikia, ule mchanga wa madini, kwenda nje ya nchi ukazuiwa, kazi ikapungua Bulyanhulu, na mishahara iliyokuwa ikizunguka mpaka kwenye mifuko ya watoto ikakatika. Mwenye banda aliuza jenereta kwanza, televisheni baadaye. Boksi alilichukua fundi, nasikia ndani yake sasa kuna vifaa vya umeme wa jua, na ile ea klina bado inafanya kazi yake.

Basi kama una PS2 iliyozima kabatini, usikimbilie kumpa mnunuzi wa vyuma chakavu. Fungua skrubu, geuza juu ya gazeti, futa feni, safisha lenzi kwa pamba na spiriti kidogo. Nyingi ninazoletewa huwa hazina ugonjwa mwingine zaidi ya vumbi. Na ukiwa unaishi karibu na barabara ya changarawe au na karasha, tafuta mbao na sponji ya pikipiki, na feni uigeuze isukume hewa ndani.