Mchumba alinipa ufunguo wa nyumba ya Krismasi

Mwaka 1989 Mwingereza mmoja, Peter Mayle, alitoa kitabu kuhusu mwaka mzima aliokaa kwenye nyumba ya shamba huko Provence, kusini mwa Ufaransa. Kitabu kikauzika kama vitumbua vya asubuhi, na mpaka leo kuna Wazungu wanaoota kijumba cha mawe shambani, waamke, wanywe kahawa, kisha wazurure vilimani wakinusa maua. Sisi watoto wa mjini tukiona mambo hayo kwenye video tunasema, "Hiyo bomba!" Lakini mwambie mtoto wa Sinza akakae shamba siku saba hapahapa Bongo, atakuuliza amekukosea nini.

Ndivyo nilivyouliza mimi.

Basi bwana, mchumba wangu ni mtu wa Mbulu. Nilipomwambia kwamba sasa nataka kupeleka barua kwao, aliniangalia kwanza, akaingia chumbani, akarudi na ufunguo wa kufuli kubwa. Akaniambia huo ni wa nyumba ya mjomba wake kule Dongobesh. "Kakae siku saba, peke yako. Ukirudi ndiyo tuongee habari za barua."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kulikuwa na jambo kati yetu ambalo tulikuwa tunalizunguka kama watu wanaokwepa shimo barabarani. Nitalifikia.

Msomaji, labda hujui nyumba ya Krismasi ni kitu gani. Watu wa Mbulu walioko Arusha, Dar na Mwanza wengi wao wamejenga kwao. Nyumba inafungwa kufuli, jirani anatunza uwanja, na Desemba ikifika magari yanapanda, mbuzi wanachinjwa, watoto wa mjini wanafundishwa kusalimia. Januari kufuli linarudi. Hiyo ndiyo Provence yetu, ila hatujaiandikia kitabu.

Nilisafiri Agosti 2025. Basi linatoka Mbezi usiku, unapita Dodoma, Kondoa, mpaka Babati. Hii njia ya Dodoma hadi Babati ni kipande cha ile barabara ambayo wakoloni waliota itoke Cape mpaka Cairo. Mimi nililala Babati gesti, karibu na ziwa lenye viboko, na asubuhi nikabanana kwenye Noah tukiwa watu kumi na mmoja na kuku wawili.

Pale Dareda ndipo nilipofumbua macho. Mbele yenu kuna ukuta wa Bonde la Ufa, halafu gari linaanza kuupanda. Kona, kona, masikio yanaziba, kuku wananyamaza. Ukifika juu, hewa nyingine kabisa. Baridi! Mimi nilivaa fulana na malapa kama naenda Coco Beach. Mzee mmoja akanifunika nusu ya shuka lake bila kuniuliza.

Nikataka kuonyesha kwamba najua mambo. Nikamwona barabarani mama mmoja amevaa sketi ya ngozi na bangili za shaba mkono mzima, nikasema, "Aa, wale ndio Mang'ati." Gari zima kimya. Mzee mwenye shuka akasema polepole, "Kijana, hao ni Wabarbaig. Hilo jina walipewa na Wamasai, maana yake adui. Wewe una ugomvi nao?" Nikameza mate. Mtihani wa kwanza, sifuri.

Nyumba ya mjomba ni ya tofali za kuchoma, bati limepauka, madirisha matatu. Ndani kuna meza, kalenda ya kanisa, na vitanda vimefunikwa mashuka kama maiti. Anayetunza uwanja ni bibi jirani. Mchumba alishanifundisha: mama mtu mzima kule unamwita ayo, na salamu ni saita. Nikasema, "Saita, ayo." Bibi akacheka mpaka akashika nguzo, akaniporomoshea Kiiraqw kama dakika mbili. Mimi nikabaki natabasamu kama mtu wa picha ya pasipoti. Mjukuu wake wa kiume, wa kidato cha pili, ndiye aliyekuwa mkalimani wangu wiki nzima. Alisema, "Bibi anasema umekonda na umechelewa kuja."

Siku ya kwanza nililala na nguo zote, soksi mbili mbili. Siku ya pili nikaanza kuzurura.

Jamani, nchi ile ni nzuri, nisiseme uongo. Vilima vinafuatana, kila kilima kina shamba lake, na katikati kuna vijito na ng'ombe. Upande mmoja kuna msitu wa Nou, mweusi, umevaa ukungu. Kila nyumba unayopita unasikia harufu ya kitunguu saumu. Kimemwagwa uani, kimening'inizwa darini, kimejaa mpaka chini ya kitanda. Wilaya ya Mbulu inasifika kwa kitunguu saumu, hasa kule Bashay. Vile vitunguu mama ntilie wako anavyotwanga Kariakoo, huenda vilipanda Noah kama yangu. Wafaransa wana mashamba ya maua ya kunukia ya zambarau. Sisi tuna haya. Na ukipika maharage, maua hayakusaidii kitu.

Kijana wangu alinionyesha kilimani shimo lililoporomoka, limeota nyasi. Nikadhani ni la kuchimba madini. Kumbe ni nyumba. Zamani Wairaqw walichimba nyumba ndani ya kilima, paa likawa sawa na ardhi, ili wavamizi wa Kimasai wakipita juu wasione watu wala mifugo. Nikasimama pale. Watu walilala na ng'ombe wao chini ya udongo, wamenyamaza, wanasikiliza miguu juu ya vichwa. Mimi jana yake nilikuwa nalalamika kwamba nyumba haina televisheni.

Kwenye chemchemi nikaokota kajiwe nirushe majini. Dogo akanishika mkono. Wazee, anasema, wanaamini kwenye chemchemi na mito anakaa Netlangw, roho asiyetaka masihara. Mungu wao wa asili ni Lo'a, ni jua, na tena ni mama. "Wewe ni Mkristo, si ndiyo?" nikamuuliza. Akajibu, "Ndiyo. Lakini usirushe."

Jioni ayo ananiletea ugali na maziwa ya mgando, tunaota moto. Kwenye moto ule nilijifunza kitu ambacho shule hawakunifundisha, au mimi nilikuwa nachungulia dirishani. Wairaqw ni Wakushi, lugha yao ina ndugu kule Ethiopia. Wabarbaig ni Waniloti. Bonde la Yaeda Chini wako Wahadzabe, wawindaji, wenye lugha ya kudatisha ulimi. Ukishuka kidogo uko kwa Wanyaturu na Warangi, Wabantu kama mimi. Yaani makundi manne makubwa ya lugha za Afrika yamekutana sehemu moja, wanauziana mbuzi na asali. Na mimi pale kijiweni Sinza nilikuwa napaita porini.

Ayo alipenda sana habari za wakimbiaji. Kule kukimbia ni kama mpira kwetu. Filbert Bayi ni Mwiraqw. Mwaka 1974 kule Christchurch alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500. Gidamis Shahanga, mtoto wa Hanang, alichukua dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978. Lakini ayo alimtaja zaidi John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu. Mwaka 1968 kwenye Olimpiki ya Mexico alianguka, goti likaumia, akafungwa bendeji, akaendelea. Aliingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, giza limeshaingia. Dogo akatafsiri: "Bibi anasema, yule wa kwanza jina lake amelisahau."

Siku ya tano nikashuka kwenda Katesh, makao makuu ya Hanang. Sasa hapa ndipo penye lile shimo la barabarani.

Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili asubuhi mapema, baada ya mvua nzito, kipande cha mlima Hanang kilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka mpaka Katesh na vijiji vya jirani. Walikufa watu zaidi ya 80. Mmoja wao alikuwa mtoto wa mwisho wa shangazi wa mchumba wangu, aliyeolewa huko.

Siku ile mchumba alinipigia simu analia, anataka twende wote. Na mimi Jumamosi iliyofuata nilikuwa na harusi ya mshikaji. Nilishachanga, kadi ya watu wawili iko mfukoni. Unajua nilimwambia nini? "Utafika wameshazika. Tuma rambirambi kwa simu, inatosha." Alikata simu. Alipanda basi peke yake. Mimi nikaenda harusini, nikacheza mpaka viatu vikaniuma, na kiti cha pembeni yangu kikawekewa makoti. Hatukuwahi kulizungumza tena. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo nilijua ufunguo ule ulikuwa wa mlango gani.

Nilishuka mpaka Dareda, nikadandia basi la Singida. Mlima unauona kwa mbali, unasimama peke yake kwenye tambarare, zaidi ya mita 3,400. Kitabu cha watalii kingesema ni mzuri, na kweli ni mzuri. Lakini ukikaribia unaona kovu, mstari uliochubuka toka juu mpaka chini.

Nilibeba sukari kilo tano na kitenge. Shangazi nilimkuta anachambua maharage uani, kwenye nyumba anayokaa sasa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa Dar."

"Ndiyo mimi."

"Kaa."

Nilikuwa nimeandaa hotuba tangu Dareda. Yote ikapotea. Nikasema tu, "Shangazi, nimekuja kukupa pole. Nimechelewa."

Aliendelea kuchambua maharage. Mimi nilitegemea lile jibu letu la mjini la usijali, hamna shida. Hakulisema.

"Umechelewa," akasema. Akatupa kijiwe pembeni. "Lakini umefika."

Baada ya chai akavaa kandambili, akasema twende. Tulitembea mpaka ilipokuwa nyumba yake. Mawe mengine makubwa kama daladala, yamekaa kama yalizaliwa pale. Mkono wangu ukatoa simu wenyewe, ndiyo mazoea yetu. Nikafungua kamera. Shangazi akaniuliza, kwa upole kabisa, "Unapiga picha ya nini?"

Sikuwa na jibu. Nikairudisha mfukoni.

Akanionyesha kwa kidole. "Hapa palikuwa jiko. Pale mlango. Mimi nilikuwa nimetoka kwenda kukamua. Yeye alikuwa amelala hapa." Hapa ni jiwe. Tulisimama. Upepo unapuliza, watoto wa jirani wanapita na ndoo, mtu anacheka mahali fulani. Niliwaza kadi ile ya watu wawili. Shangazi hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na yeye ndiye akanipa upindo wa khanga yake nijifute, mambo ambayo yalitakiwa yawe kinyume.

Wakati wa kuondoka akaniuliza mambo ya kawaida: nyumba ya kupanga Dar ni bei gani, mama yangu yuko hai, nakula pilipili. Kisha akanifungia maharage kwenye mfuko. Ukienda kumpa mtu pole akakurudisha na maharage, shukuru.

Siku mbili zilizobaki sikuzurura mbali. Nilimsaidia ayo kufunga mafungu ya vitunguu saumu, nikawa nafunga ovyo, anafungua anafunga upya. Siku ya kuondoka nilifagia nyumba ya mjomba, nikarudisha mashuka juu ya vitanda, nikafunga kufuli. Ayo akasema kitu. Dogo akatafsiri: "Bibi anasema sasa umekonda kidogo tu."

Nilipofika Dar nilimkabidhi mchumba ufunguo, maharage, na furushi la vitunguu lililoninukisha basi zima mpaka konda akaniuliza kama nafanya biashara. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba msamaha kwa maneno marefu. Akaniambia, "Shangazi alishapiga simu." Akaingia jikoni. Nikamfuata, nikamwomba msamaha hivyo hivyo, kwa maneno mafupi, yeye akiwa amenipa mgongo anamenya kitunguu. Sijui kama machozi yalikuwa ya kitunguu. Sikuuliza.

Barua nimeshapeleka. Usidhani mambo yamekwisha. Yeye anasema tukioana anataka tujenge Dongobesh, tena isiwe nyumba ya Krismasi, iwe ya kukaa. Mimi bado mtoto wa Sinza, baridi ile inanitisha, na kazi yangu ya kalamu iko huku. Tunabishana kila Jumapili. Ila siku hizi akisema "nyumbani" ninajua anaona nini.

Nawe msomaji wangu, una mchumba wa Songea, wa Newala, wa Ngara? Kabla ya barua, omba ufunguo. Na kama kuna msiba kwao uliwahi kuumaliza kwa simu, nauli ya basi bado ipo. Utaambiwa umechelewa, na utakuwa umechelewa kweli. Nenda.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.